Fundi Mzuri Hubakiwa na Skrubu

Jumatatu, 9 Machi

Kompyuta ya binti yangu imekataa kuwaka. Asubuhi kabonyeza swichi, feni ikajitikisa mara moja kama mtu aliyeitwa usingizini, ikatulia. Akabonyeza tena. Vilevile. Kioo cheusi tii. Akaja sebuleni kuuliza kama kuna mtu aliyeigusa. Nikasema hapana. Ni kweli tupu. Sikuigusa. Niliifungua.

Na hiyo ilikuwa Jumamosi, mambo ya zamani. Yeye alikuwa ametoka, nikaona nimfanyie hisani. Nikafungua sanduku, nikafuta vumbi kwa brashi ya rangi, nikang'oa hata ule ubao mkubwa wa kijani wanaouita mazabodi (sijui huandikwaje, nimeandika linavyosikika). Nikaupaka grisi kwa nyuma. Kila chuma hupenda grisi. Nikarudisha vyote mahali pake. Zikabaki skrubu mbili. Moja nimeitia kwenye kifuniko cha sufuria ya Mama Watoto, kimeshika vizuri. Nyingine iliniponyoka ikaingia humo humo ndani ya kompyuta. Sikuhangaika nayo. Imo ndani, haiwezi kupotea.

Fundi mzuri lazima abakiwe na skrubu. Hao wenye viwanda huzidisha makusudi kwa kuwa hawajiamini.

Niandike pia mimi ni nani, maana haya yatasomwa. Mimi ni fundi redio. Hakuna redio ya mtaa huu iliyowahi kunyamaza mbele yangu bila kujuta. Mkono wangu si wa kuandika, nilitoka shule mapema. Mwalimu mwenyewe alimwambia marehemu baba kwamba hana la kunifundisha tena.

Turudi kwenye kompyuta. Binti yangu huchora ramani za majengo. Humo ndani imo ramani ya zahanati, na Jumatatu ijayo atasimama mbele ya kamati kuionyesha. Akienda mikono mitupu, kazi anapewa yule mchoraji mwingine, mwenye tai. Binti ameihangaikia zahanati hiyo tangu mwaka jana. Kwa hiyo ana haraka. Kasema anampigia Daktari.

Daktari! Huyo ni kijana wa kibanda cha simu pale kona. Anatengeneza simu amevaa koti jeupe. Koti jeupe! Kwani simu inatoka damu? Nikasema katika nyumba yenye fundi haingii fundi mwingine, labda nife, na hata nikifa wasubiri arobaini ipite. Binti akamtazama mama yake. Mama Watoto akasema sawa, Fundi Mkuu apewe hadi Jumapili. Akishindwa, meza yake ya ufundi inatoka sebuleni, inahamia uani kwa kuku.

Meza yangu! Ina redio za watu ambao wenyewe wameshatangulia mbele ya haki, na bado nazishughulikia.

Nimekubali. Sina wasiwasi hata chembe.

Jumanne, 10 Machi

Uchunguzi. Vijana hukimbilia mita. Sisi wa zamani tuna sikio, pua na kiganja.

Nimeweka sikio. Kimya. Nimenusa. Harufu ya grisi, nzuri sana. Nimeipapasa kwa kiganja. Baridi. Basi ugonjwa umejulikana: unyevu. Redio nayo hufanya hivyo wakati wa mvua. Dawa yake jua.

Nimeibeba uani ikiwa wazi, nikaiweka juu ya meza ya kuanikia vyombo, uso kwa jua. Binti alipoiona akashika kichwa kwa mikono miwili. Kaniuliza, baba, hiyo ni kompyuta au ni nguo? Nikamwambia atulie, utu uzima dawa. Mama Watoto akaropoka kutoka jikoni eti tangu anioe, nimeanika kitu kwa mara ya kwanza leo, na hata hicho hakikufuliwa. Kwanza mimi ndiye niliyemuoa.

Nikasinzia kidogo. Nilipofumbua macho, jogoo alikuwa amesimama ukingoni mwa sanduku anadonoa vitu vinavyong'aa. Nikamfukuza kwa ndara. Ndara ikampata Mama Watoto. Mjadala ukawa mrefu.

Jioni nimebonyeza swichi mbele ya wote. Feni ikajitikisa mara moja. Ikatulia.

Nikatangaza kwamba leo imejitikisa kwa nguvu zaidi. Hakuna aliyeshangilia.

Jumatano, 11 Machi

Nimefanya upelelezi.

Si kwamba nataka ujuzi wa Daktari. Lakini hata simba huenda kutazama fisi anakula nini. Nikachukua simu yangu, nikatoa betri, nikaitia mfukoni, nikaenda kibandani kusema simu imekufa ghafla. Daktari akanipa shikamoo kwa adabu zote, akaniwekea stuli, akanipangusia na vumbi. Mnafiki. Nikaketi. Mteja mmoja alikuwa amekuja na kompyuta yake, nikatega sikio huku najifanya naangalia barabara.

Nikamsikia Daktari akisema kompyuta zikikataa kuwaka, mara nyingi ni vile vijiti vya kumbukumbu vimeota uchafu kwenye meno. Unavichomoa, unayasugua meno kwa kifutio cha penseli, unavirudisha mpaka vilie ta. Basi! Ati huo nao ni udaktari!

Zamu yangu ikafika. Akafungua simu, akatazama pango lilipokuwa betri, akanitazama mimi. Akasema, mzee wangu, ugonjwa huu unatibika. Betri uliyoishikilia mfukoni ndiyo dawa. Sijui amejuaje. Lazima hutumia mizizi.

Nyumbani nikaona kifutio cha binti juu ya meza yake ya kuchorea. Kimoja tu, cheupe kama meno ya mtoto. Nikachukua. Nikasugua meno ya kumbukumbu kwa nguvu zote, nikaona uchafu unatoka, nikafurahi, nikasugua na mahali pengine pasipohusika. Mikono yangu ilikuwa na grisi, lakini grisi haijawahi kumdhuru mtu. Nikarudisha kifutio mahali pake. Kilikuwa cheusi kidogo. Nikakigeuza upande.

Vijiti vimelia ta. Nimebonyeza swichi. Feni mara moja. Kimya.

Njia ya Daktari imeshindwa. Nilijua tu. Nimelala vizuri.

Alhamisi, 12 Machi

Leo nimefikiri kwa kina. Kama wali hauivi, usilaumu mchele. Tazama moto. Basi kompyuta haipati umeme wa kutosha! Waya wake mwembamba, utalilishaje jitu zima kwa kijiko?

Nikakata waya wa pasi ya Mama Watoto. Huo ni waya wa heshima, umevikwa hata kitambaa. Nikaufunga kwenye waya wa kompyuta kwa ufundi ninaoujua mwenyewe. Nikavaa ndara za mpira kwa usalama. Nikachomeka.

Nilisikia pu.

Nyumba yote giza. Nyumba ya jirani nayo giza. Cherehani za fundi nguo wa ghorofa ya chini zikanyamaza zote kwa pamoja, kisha nikasikia akinitaja kwa jina la utani ambalo sitaliandika humu. Akapanda ngazi na shati lisilo na mkono mmoja, akauliza ni nani kati yetu ana ugomvi na shirika la umeme. Nikamweleza kwamba mambo haya hutokea kila mahali duniani. Akasema hutokea kila mahali ninapokuwa mimi.

Nikarudisha swichi kuu. Umeme ukaja. Kompyuta nikaijaribu kwa waya wake wa zamani. Feni mara moja. Kimya. Maana yake haikuungua. Hayo ni mafanikio.

Mama Watoto anataka pasi yake. Nimemwambia iko foleni.

Binti ametandaza karatasi kubwa kwenye meza ya chakula. Anaichora zahanati upya kwa mkono, kutoka kichwani. Nikamwambia hakuna haja, kesho itawaka. Akasema asante, baba. Ningependelea angepiga kelele.

Ijumaa, 13 Machi

Nimeing'oa mazabodi yenyewe. Kwa mara ya pili. Nadhani mtaa huu hakuna mwingine aliyewahi.

Nikaigeuza. Kwa nyuma, katikati ya grisi yangu, nimekuta kitu cha ajabu: kidude kidogo cha duara, kinang'aa, kina alama ya msalaba kichwani na mkia uliochongwa mizunguko mizunguko. Kimeshikamana na ubao pale kwenye vichwa vingi vya risasi ya kulehemu, kimevigusa vitatu kwa pamoja kama mama aliyeshika watoto mkono. Kazi nzuri mno! Nimekitazama kwa heshima kwa muda mrefu. Fundi huheshimu mkono wa fundi mwenzake hata kama hawajawahi kuonana. Nikakiongezea grisi kisije kudondoka, nikarudisha mazabodi taratibu.

Feni mara moja. Kimya.

Basi nikaenda mezani kumwambia binti kwamba mazabodi ni nzima, tatizo ni uzee, na uzee ni heshima. Nikamkuta ameinama. Alikuwa amefikia mlango wa wodi ya akina mama wajawazito. Amekosea mstari mmoja, akachukua kifutio chake afute. Kikaacha baka jeusi kutoka mlangoni mpaka dirisha la tatu. Akajaribu kulifuta baka. Likafika bustanini.

Akakigeuza kile kifutio. Akakitazama. Akaweka penseli chini polepole, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango. Baadaye nikamsikia kupitia ukutani. Kuta za nyumba hii ni nyembamba, waashi wa siku hizi ni wezi.

Nimekaa kwenye meza yangu. Nilikuwa na vumbi machoni. Meza hii inahitaji kufutwa.

Mama Watoto kapita. Hakunitania. Kaniwekea chai akaondoka zake. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumamosi, 14 Machi

Mpango mpya. Kukubali kushindwa ni kitu kimoja. Kwenda kuomba maoni ya pili kwa niaba ya mtu mwingine ni kitu kingine kabisa.

Binti alikuwa ametoka kutafuta karatasi. Nikachukua tenga la nguo chafu, nikaweka sanduku la kompyuta chini, nikalifunika kwa mashuka na fulana zangu, nikajitwika. Mlangoni nikakutana na Mama Watoto. Akauliza naenda wapi. Nikasema kwa dobi. Akanishika paji la uso kuona kama nina homa. Akasema, baba watoto, kama umeamua kufa niambie mapema niwaarifu ndugu. Nikasema mwanaume hawezi kusaidia nyumba yake bila kushukiwa? Akanipisha, lakini kwa macho alinisindikiza mpaka kona.

Kibandani hapakuwa na mteja. Daktari akanipa shikamoo, akanipokea tenga. Nikamwambia mzigo si wangu, ni wa rafiki yangu, mtu mmoja hivi wa mtaa wa pili, hana akili sana. Daktari akaondoa fulana zangu moja moja kwa kibano. Akafungua sanduku. Akaziba pua kwa vidole. Akauliza mbona kuna harufu ya gereji. Nikasema rafiki yangu anaishi karibu na gereji.

Akaing'oa mazabodi, akaigeuza. Akawasha taa aliyojifunga kichwani.

Akachukua kibano, akang'oa kile kidude kinachong'aa, akakifuta grisi, akakiweka kwenye kiganja changu. Skrubu. Skrubu ya kawaida kabisa! Akaeleza kwamba chuma kikilala pale nyuma, umeme hupita njia ya mkato, na mazabodi ikihisi hivyo hujizima yenyewe isiungue. Ndiyo maana feni hujitikisa mara moja tu. Haikuwa mgonjwa, mzee wangu, akasema. Ilikuwa inajiokoa. Kikulacho ki nguoni mwako. Akatazama tenga la nguo.

Akafuta grisi yote kwa spiriti. Grisi nzuri ile! Akaunganisha na kioo chake, akabonyeza. Feni ikazunguka. Ikaendelea kuzunguka. Kioo kikawaka, jina la binti yangu likatokea hapo kubwa kama bango. Nikasimama mbele ya kioo kulificha, nikakohoa.

Daktari akauliza ni fundi gani aliyeifungua mara ya kwanza. Nikasema ni fundi mmoja, simjui, nimesikia tu habari zake. Akasema huyo fundi ni hatari kwa taifa. Nikasema kweli. Akasema anayepaka grisi kwenye mazabodi angepaka hata samli kwenye bunduki. Nikasema umenena. Akasema mtu kama huyo angenyang'anywa bisibisi akapewa mwiko. Hapo nikaona anazidisha, nikasema labda ni mzee, labda aliifanya kwa upendo. Daktari akaweka kibano chini. Akatazama fulana zangu. Akaanza kuzikunja, moja moja, vizuri kuliko dobi.

Kisha akaitia skrubu kwenye kifuko kidogo cha nailoni, akanipa kwa mikono miwili. Akasema, mpelekee huyo fundi. Na mwambie shikamoo yangu.

Nikajibu marahaba. Ilinitoka tu.

Jumapili, 15 Machi

Siku ya ushindi!

Baada ya chakula cha mchana nimewakusanya wote sebuleni. Nimemwita hata fundi nguo wa chini aone aliyekuwa akimtukana. Nikafungua sanduku mbele yao. Nikavaa miwani. Nikagusa hapa, nikagusa pale kwa ncha ya bisibisi bila kugusa kitu. Nikapuliza. Nikasema kwa sauti ya chini kwamba umeme ulikuwa unapita njia ya mkato, nami nimeuzungumzisha. Nikafunga. Nikamwambia binti abonyeze yeye.

Feni ikazunguka. Kioo kikawaka. Zahanati hiyo hapo, na milango yake yote na bustani, haina baka hata moja.

Binti alipiga ukelele. Akanirukia shingoni kama enzi zile akiwa mdogo nikirudi na redio mpya. Akasema baba, baba, baba. Nami nikasema ni kazi ndogo. Fundi nguo akanishika mkono, akasema kumbe. Neno hilo moja limenitosha.

Mama Watoto hakupiga makofi. Alikuwa amesimama mlangoni na fulana zangu mkononi. Akasema dobi gani huyu, nguo zimerudi zimekunjwa lakini hazijafuliwa, tena zinanuka spiriti? Nikamwambia ndiyo mtindo wa kisasa. Akanitazama. Akamtazama binti anavyocheka mbele ya kioo. Akazikunjua zile fulana, akazitumbukiza kwenye beseni.

Kisha akasema meza ibaki sebuleni.

Nimeandika neno hilo kama alivyolisema, ili lisije likakanushwa.

Jumatatu, 16 Machi

Binti ameondoka asubuhi na ramani yake. Kabla ya kutoka amelizungushia sanduku la kompyuta utepe mpana wa gundi, mizunguko mingi, pande zote, na juu ameandika kwa wino mwekundu MARUFUKU KUFUNGUA. Nimeelewa. Watu huzungushia uzio kitu kilichopita mikononi mwa mtu mkubwa, kisije kikachezewa na watu ovyo.

Adhuhuri amepiga simu. Kamati imeipitisha zahanati! Yule mwenye tai alikuwa hapo na tai yake. Binti alikuwa analia na kucheka. Akasema mwambie mama. Akasema pia njiani amepita kibandani kumshukuru Daktari. Sikuelewa anamshukuru kwa lipi. Pengine kwa kumpa baba yake stuli.

Nimeifikiria sana ile skrubu. Nimefikia uamuzi kwamba kosa halikuwa langu wala lake. Kosa lilikuwa la grisi. Ilikuwa ya kopo la zamani. Leo nimefungua kopo jipya.

Mama Watoto ametoka kwenda kumtazama dada yake. Nimejiuliza nimlipe vipi kwa wema wa meza. Nikakumbuka jokofu. Kila siku linanguruma kama ng'ombe mwenye gesi, naye hulalamika haliachi mtu akasikia redio. Nikaona nimfanyie hisani.

Nimelifungua kwa nyuma, nimefuta vumbi, nimepaka grisi mpya kila lilipofika jicho, nimefunga. Zimebaki skrubu nne. Sijawahi kubakiwa na nyingi kiasi hicho!

Na kweli, limeacha kunguruma. Kimya kabisa. Hata ile taa ya ndani imetulia.

Chini yake pameanza kuwa na maji kidogo. Linajisafisha. Mama Watoto akirudi atashangaa.